Nani Aliyeyaua Maduka Makubwa?

Yako maneno, msomaji, yazagaayo hapa Shika Adabu: eti maduka makubwa ya televisheni na majokofu yameuawa na intaneti. Marekani, ilikofungwa Circuit City mwaka 2009, huenda yana chembe ya ukweli. Kwetu nayakataa.

Itazame Nakumatt. Ilianza kwa magodoro mjini Nakuru, ikaja kuuza kila kitu, tangu mchele hata televisheni, katika matawi zaidi ya 60 na nchi nne. Je, iliangushwa na simu ya mkononi? Hasha! Ilichukua mali za watu isizilipe. Wenye mali wakaacha kuleta. Mwaka 2017 rafu zikawa tupu, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Mteja atanunua nini penye rafu tupu? Kuilaumu intaneti ni kumfutia mdaiwa deni lake, na miongoni mwa waliodhulumiwa walikuwamo wafanyakazi na wachuuzi wadogo.

Mtazame sasa muuza redio wa kibandani hapa Likoni. Intaneti ile ile imemzunguka, naye hufungua kila asubuhi, kwa kuwa tajiri wa mjini amkopeshaye Jumatatu hulipwa Jumamosi.