Hesabu milango ya seva yako

Wandugu raia, vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira,

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa katika nchi nzima. Ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Mwenye kuweka mafaili yake yote ng'ambo, siku zile alibaki mikono mitupu. Ndiyo maana tunaunga mkono vijana wanaoweka seva yao wenyewe hapa Bukavu: kompyuta ya zamani, betri na wifi. Intaneti ikikatika, walio karibu bado wanasoma.

Lakini tuseme ukweli kati yetu. Kijana akiona seva imewaka, anafungulia kila programu porti yake: moja ya tovuti, moja ya mafaili, moja ya kamera. Hiyo ni parsele yenye milango sita bila sentineli. Roboti zinazunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu kila porti, na hazichoki.

Dawa iko: rivasi proksi. Ni programu inayosimama mbele ya zingine zote, kama sentineli kwenye mlango mkubwa. Nginx na Caddy ni za bure. Mgeni anabisha hapo tu, porti 443. Proksi inaangalia jina la tovuti anayotaka, inamfikisha kwa programu inayohusika. Cheti cha HTTPS kinatoka Let's Encrypt bila kulipa hata franga moja.

Na sentineli huyo asikae nyumbani kwako, kwa sababu anwani ya IP inaweza kusaidia mtu kukutafuta. Kodi seva ndogo mbali, weka proksi kule, iunganishe na mashini ya nyumbani kwa tuneli ya WireGuard. Programu zako zisikilize wifi ya ndani na tuneli, basi. Inje hakuna porti ya kubisha.

Ila sentineli hafanyi yote. Programu ya zamani isiyosasishwa itavunjwa hata kupitia mlango mzuri. Proksi pia inaweza kuandika IP ya kila msomaji: zima daftari hilo, ama ulifute kila siku.

Na majina ya mashahidi? Hayo hayawekwi nyuma ya mlango wowote wa intaneti. Kosa la tovuti tunalitengeneza kesho. Kosa la jina, mtu ndiye analipa.

Wandugu, leo jioni, kabla ya kulala, kila mwenye seva ahesabu milango yake. Ukipata zaidi ya mmoja, funga.