Satelaiti za sentimita 10: vyuo vikuu vyetu vinangoja nini?

Tarehe 9 Oktoba 2022, mlipuko wa mionzi ya gama ulio mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa ulifika duniani baada ya safari ya karibu miaka bilioni 2. Vipima-mionzi vya satelaiti kubwa vililemewa, vikashindwa kuhesabu. GRBAlpha, sanduku la sentimita 10 kila upande lililotengenezwa na watafiti wa Hungaria, Slovakia, Ucheki na Japani, liliendelea kuhesabu. Kipima-mionzi chake ni kidogo, kwa hiyo kilipokea kidogo. Likawa kati ya satelaiti chache zilizopima kilele cha mlipuko ule.

Hatusemi kwamba kidogo kinashinda kikubwa. Kuona mlipuko si kujua ulitokea wapi, na bila kujua hivyo darubini hazina pa kugeukia. Mwaka 1997 kazi hiyo ilifanywa na BeppoSAX, satelaiti ya Italia na Uholanzi yenye kilo 1,400, iliyotuma data zake kwenye kituo cha Malindi, Kenya.

Sanduku moja haliwezi hayo. Mengi yanaweza, kwa njia ambayo wakaaji wa mji wowote wanaijua: bomu likilipuka, mtaa ulio karibu unasikia kwanza. Satelaiti mbili zikiachana kilometa 6,000, mionzi huchelewa kati yao kwa elfu 20 za sekunde za milioni, yaani sehemu ya 50 ya sekunde, tena hapo ni kwa wingi. Tofauti hiyo inachora duara angani. Satelaiti ya tatu inalikata. Ndiyo sababu Italia ilirusha satelaiti sita za HERMES kwa pamoja mwezi Machi 2025.

Kweli, vitu vya bei nafuu vinaharibika. BurstCube ya Marekani ilipoachiliwa mwaka 2024, bamba lake la jua halikufunguka vizuri, na baada ya miezi michache ikaanguka na kuungua. Hata hivyo ilikuwa imeshaona mlipuko.

Na sisi? Rwanda ilipata satelaiti yake ndogo mwaka 2019, Uganda mwaka 2022. Tunajua jibu litakalotoka Lubumbashi, Kisangani au Bukavu: umeme unakatika, maabara ni tupu, mishahara inachelewa. Yote ni kweli, na serikali inapaswa kuulizwa. Lakini GRBAlpha ilizungumza kwa masafa ya wapenzi wa redio, na watu wenye antena juu ya nyumba zao, katika nchi mbalimbali, waliisaidia kupokea data. Kazi hiyo inahitaji antena, kipokezi kidogo, kompyuta na betri ya kuvuka usiku usio na umeme. Haingoji bajeti ya wizara. Inahitaji kibali cha masafa pale kinapotakiwa, na mkuu wa kitivo atakayefungua mlango wa kupanda juu ya paa.

Mwalimu mmoja wa fizikia na wanafunzi watano wanaweza kuanza mwaka huu wa masomo.