Gari la Mzee Lisivishwe Viatu Visivyo Vyake

Ukitoka Lodwar kwenda Kaikor kupitia Lokitaung, utavuka laga moja baada ya nyingine. Kiangazi laga ni mchanga mtupu; mvua ikinyesha milimani hugeuka mto. Katika njia hiyo marehemu baba aliendesha Land Rover yake miaka mingi, akibeba unga, mbuzi na wagonjwa. Ni ile Series III, ambayo ilikoma kutengenezwa mwaka 1985.

Mwaka jana mdogo wangu, ambaye ndiye aliyeirithi, aliuza mbuzi kadha akaenda nayo Nairobi. Aliporudi tuliisikia kabla ya kuiona, maana kila akikata kona tairi zilikwaruza madigadi. Alikuwa ameivua magurudumu yake ya chuma ya inchi 16 na kuivisha rimu pana za inchi 20, zinazong'aa kama sufuria mpya. Vijana walishangilia. Nami nilinyamaza, sikutaka kumwaibisha mbele ya wenzake.

Leo nasema. Usukani wa gari lile hugeuzwa kwa nguvu za mkono tu, na sasa mdogo wangu hutoka jasho kama anayechota maji kisimani. Mita ya mwendo nayo huhesabu mizunguko ya gurudumu. Gurudumu likizidi lile la asili kwa sehemu moja ya kumi, mita ikionyesha kilomita 80 gari linakwenda 88. Na kila gia inakuwa nzito zaidi kwa injini, hasa mchangani, mahali inapohitaji wepesi.

Mdogo wangu ana jibu lake. "Kaka, mbona ngamia ana wayo mpana?" Kweli anao. Lakini wayo wa ngamia ni laini, hutanuka anapokanyaga. Ndivyo alivyofanya baba: akifika laga alishuka, akapunguza upepo hadi tairi ikalala kidogo juu ya mchanga, akavuka polepole, kisha tanboi akapiga pampu ng'ambo ya pili. Tairi hizi mpya kuta zake ni fupi. Ukizipunguza upepo hivyo, hazina nafasi ya kulala.

Mwezi wa Aprili alikwama akiwa amebeba mama mjamzito. Akapunguza upepo kama alivyomwona baba akifanya, tairi ya nyuma ikachomoka kwenye rimu. Yule mama alijifungulia chini ya mti, kando ya laga. Mtoto yu hai, kwa juhudi za wanawake waliokuwa safarini, si kwa uhodari wa rimu.

Wako watakaoniambia kwamba hata magari ya mbio hubadilishwa. Sawa. Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 haikutoka dukani ikaingia moja kwa moja matopeni. Lakini tazama Naivasha, tangu Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021: magari yale yenye kasi ya ajabu huvishwa rimu za inchi 15 zenye tairi nene kwenye barabara za vumbi. Zile za inchi 18 ni za lami. Wenye fedha zote hizo wamechagua rimu ndogo, sisi wa Kaikor tunauza mbuzi kununua kubwa!

Sisemi gari la zamani lisiguswe. Baba mwenyewe aliongeza tangi la maji na kuimarisha springi, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa alifuata haja ya njia. Mzee wa Kiturkana huchongewa ekicholong inayomfaa kukalia na kulaza kichwa. Sijaona aliyeiongezea miguu ili ionekane kutoka mbali.

Magurudumu ya baba yamo nyuma ya nyumba ya mama, na tairi mbili bado nzuri. Nimemwambia mdogo wangu nitanunua nyingine mbili kwa fedha yangu. Anasema atafikiri mvua zikipita. Nami nimemwuliza, yule mama mwingine anayetarajia kujifungua mwezi ujao, naye asubiri mvua zipite?