Mpasi ao Fayulu: nani akae golini?

Usiku wa tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, kocha Sébastien Desabre alikata shauri ambalo Wakongomani wangali wanabishania, toka Goma mupaka Omate. Léopards walikuwa 1-1 na Nigeria, na muda wa nyongeza ulikuwa unaisha. Akamutoa Lionel Mpasi, kipa wake wa siku zote, akamuingiza Timothy Fayulu. Fayulu akazuia penalti mbili, Kongo ikashinda 4-3.

Toka siku ile kuna wanaosema Mpasi ampishe mwenzake. Ni haraka mno. Nigeria walifunga dakika ya 3, na baada ya pale, karibu saa mbili zote, hawakupata goli lingine. Wakati ule aliyekuwa golini ni Mpasi. Penalti ni kazi ya pekee: mutu mumoja na mupira mumoja. Hakuna beki wa kupanga, hakuna kona ya kutokea. Kulinda mechi nzima ni jambo lingine kabisa, hasa kujua wakati wa kutoka na wakati wa kubaki.

Hilo Mpasi alilijua kwa uchungu. Januari 2024, katika Kombe la Afrika kule Côte d'Ivoire, alitoka vibaya mbele ya Zambia, na Kings Kangwa akapiga mupira toka mbali, ukaingia katika goli tupu. Wengi walitaka atolewe. Desabre akamuacha. Tarehe 28 ya mwezi ule ule, mbele ya Misri, penalti zikafikia makipa wenyewe. Gabaski wa Misri akagonga mwamba, Mpasi akafunga, Kongo ikapita kwa 8-7. Kama angeondolewa juu ya kosa la Zambia, usiku ule haungekuwa wake.

Lakini ruhusa hiyo ya kukosea, Fayulu ataipata lini? Alizaliwa 1999, miaka mitano tu nyuma ya Mpasi. Kumuita kijana ni kumupendelea kidogo. Kipa anayeitwa kwa penalti peke yake hawezi kukosea dakika ya 20, kisha akajirekebisha dakika ya 60. Katika viwanja vya vijiji vya Masisi na Walikale jambo hili linajulikana: mutoto anawekwa golini kwa sababu wakubwa wamejaa mbele, anafungwa goli moja la upuuzi, juma linalofuata haonekani tena.

Na inchi imekwisha kuona bei ya kungojea. Robert Kidiaba alikuwa na miaka 39 wakati Léopards walipochukua nafasi ya tatu kule Guinea ya Ikweta mwaka 2015, kwa penalti mbele ya wenyeji. Alistahili sifa zote, hata na ile ngoma yake ya kurukaruka akiwa ameketi chini. Alipoondoka, goli lilipita kwa Ley Matampi, kwa Joël Kiassumbua na wengine, miaka na miaka, mbele ya kutulia kwa Mpasi.

Kwa hiyo mechi za mashindano zibaki kwa Mpasi. Mechi za kirafiki, na zile ambazo matokeo yake hayabadilishi kitu tena, apewe Fayulu, dakika zote 90. Na siku atakapotoka vibaya kama Mpasi mbele ya Zambia, arudishwe golini mechi inayofuata.