Mgonjwa wa saratani ya kinywa aandaliwe kabla ya kisu



Jambo lisilosemwa sana ni maisha ya mtu aliyekatwa sehemu ya kinywa kwa sababu ya saratani.

Saratani ikiota kwenye kaakaa au taya la juu, mara nyingi madaktari hulazimika kuikata pamoja na mfupa na meno. Hapo hubaki tundu kati ya kinywa na pua. Maji anayokunywa mgonjwa hutokea puani, uji pia, na sauti nayo hupitia huko huko. Sisi tunaofundisha watoto kusoma tunajua kuwa bila kuziba pumzi kinywani "b" hugeuka "m", na "d" hugeuka "n". Mtu akiita "baba", watu husikia "mama". Dawa ya tundu hilo ni kifaa cha plastiki ngumu, mfano wa meno bandia, chenye kitako cha kuziba tundu na waya za kushika meno yaliyobaki.

Hoja yangu ni kwamba kifaa hicho hutakiwa kuandaliwa kabla ya upasuaji. Daktari wa meno huchukua kalibu ya kinywa kingali kizima, ili kifaa cha kwanza kiwekwe pale pale mezani, na mgonjwa aweze kumeza na kusema mapema. Cha kudumu hufuata baada ya miezi kadhaa, kidonda kikisha kupona na kusinyaa. Meno mabovu nayo hung'olewa mapema, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hupona kwa shida. Mazuri huachwa, maana ndiyo nguzo.

Mama yangu mkubwa hakuambiwa lolote kati ya haya. Alikatwa, akarudi kijijini na karatasi ya tarehe ya kliniki. Kwa miezi mitano alikula peke yake nyuma ya jiko. Wajukuu walidhani anawatania kwa ile sauti, na majirani wengine (hawakosekani) wakasema amerogwa. Nilimpa ubao mdogo na chaki, kwa kuwa kusoma alijifunza kwenye kisomo cha watu wazima, akawa anaandika "chumvi", "maji", "nyamazeni". Kifaa kilipopatikana kinywa kilikuwa kimekaza, hakiingii bila maumivu. Laiti angefundishwa zoezi la kupanua kinywa kila siku tangu mwanzo, asingeteseka vile. Sasa kila jioni anasoma kwa sauti kitabu cha darasa la pili, na "baba" yake inasikika vizuri.

Wapo wanaodhani shida hii ni ya maskini tu. Sigmund Freud, yule bingwa wa mambo ya nafsi tuliyesoma habari zake chuo cha ualimu, alikatwa taya na kaakaa huko Vienna mwaka 1923, akavaa kifaa cha namna hiyo hadi alipofariki London mwaka 1939. Kilimuumiza mno hata nyumbani kwake wakakiita dubwana. Hata hivyo aliendelea kutibu watu na kuandika vitabu.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kuwa kila mgonjwa wa aina hii anaonwa na daktari wa meno kabla hajapangiwa siku ya kupasuliwa, na kwamba jamaa mmoja wa nyumbani anaitwa na kuelezwa. Aambiwe kuwa kifaa huoshwa kila siku kwa sabuni na maji ya kawaida juu ya beseni lenye maji, kisije kikaanguka na kuvunjika. Maji ya moto hukipinda. Aambiwe pia kisiachwe kabatini siku nyingi, kwani tundu hubadilika na kifaa hukataa kuingia.

Tena wahudumu wa meno katika hospitali za wilaya wafundishwe kukikwangua kinapochubua. Mama mkubwa husafiri siku nzima kwa basi kwa ajili ya kidonda kidogo kama punje ya mtama, na safari mbili zilizopita nauli ilitoka kwenye fedha za mbegu.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini.