Soko la umma: kanivo inaharibika kwenye karatasi kabla ya mvua kuifikia

Kila msimu wa mvua, simu za wasikilizaji zinafanana. Mmoja anasema kanivo iliyojengwa mwaka jana imejaa udongo na maji yanaingia ndani ya nyumba. Mwingine anasema daraja la mbao limekwenda na maji, watoto hawafiki tena masomoni. Wa tatu anauliza lile swali ambalo wote wanalo rohoni: «Zile franga zilienda wapi?»

Swali ni la haki, lakini linachelewa. Siku kanivo inapasuka, franga zimekwisha lipwa, antreprise imekwisha ondoka, na kiongozi aliyetia sahihi pengine amekwisha hamishwa. Mambo makubwa yaliamuliwa miezi mingi nyuma, ndani ya ofisi, juu ya karatasi ambazo hakuna mkaaji aliyeomba kuziona. Leo tufuate njia ya karatasi hizo, ili tujue ni wapi kazi inapotelea.

Sheria inasema nini

Kazi yoyote ya ujenzi inayolipwa na mali ya serikali, iwe barabara, shule ao kituo cha afya, inaitwa soko la umma, kwa Kifaransa «marché public». Kwetu watu wanasema tu: «Fulani amepata marché.»

Masoko hayo yanaongozwa na sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya mwaka 1969. Haihusu Kinshasa peke yake. Inahusu pia majimbo na zile ETD zetu: miji, komini, sekta na chefferie. Kwa hiyo meya, burugumestre na mwami wanafungwa na sheria ileile inayomfunga waziri.

Kanuni yake ya kwanza ni mashindano. Njia yenyewe, kwa ufupi, ni hii. Kwanza, kila mamlaka inaandika mpango wa masoko ya mwaka, kufuatana na bajeti yake. Kazi isiyokuwa ndani ya mpango wala ndani ya bajeti haipaswi kutafutiwa antreprise. Pili, selule inayoshughulika na masoko, CGPMP, inatayarisha dosie: kazi gani, vipimo gani, muda gani. Tatu, tangazo linatoka, «appel d'offres», na antreprise zinaleta ofa zao ndani ya bahasha zilizofungwa.

Hatua ya nne ndiyo wengi hawaijui: bahasha zinafunguliwa mbele ya watu. Walioleta ofa wana haki ya kuwa pale, bei zinasomwa kwa sauti, na raporti inaandikwa. Baadaye wataalamu wanalinganisha ofa, anayeshinda anatangazwa, na aliyeshindwa ana haki ya kulalamika. Anaanza kwa mamlaka iliyotoa soko. Asiporidhika, anakwenda kwa ARMP, ofisi ya kitaifa inayosimamia masoko ya umma.

Na kuna jicho lingine, DGCMP, lenye kazi ya kuchungulia dosie kabla ya mkataba, hasa kwa masoko makubwa. Mwishoni mkataba unahitaji kuidhinishwa na mkubwa aliye juu ya yule aliyeutayarisha. Ndiyo maana mlolongo huu ni mrefu: mtu mmoja asichague, asitie sahihi, asilipe na asipokee kazi peke yake.

Mlango wa pembeni

Sheria inakubali mlango mwingine, unaoitwa «gré à gré»: kiongozi anaongea na antreprise moja tu, bila mashindano. Mlango huo ni wa nafasi chache, kama kuna mwenye kazi ile peke yake ao kuna dharura ya kweli ambayo hakuna aliyeweza kuiona mbele. Tena unaomba ruhusa ya pekee ya DGCMP.

Huku kwetu mashariki, neno «dharura» limekuwa tamu sana. Vita ni dharura, mafuriko ni dharura, wakimbizi ni dharura. Ni kweli, mara nyingi. Daraja likibebwa na maji usiku na wagonjwa wamekwama ng'ambo, hakuna anayeomba kungoja tangazo na bahasha. Lakini shimo ambalo kila dereva wa taksi analijua tangu mwaka jana haliwezi kuwa dharura mwaka huu. Mvua ina majira yake, na bajeti ina majira yake vilevile. Kiongozi anayengoja barabara ikatike ndipo apigie simu rafiki yake mwenye trakta, hakushikwa na dharura. Aliingoja.

Mfano wa karibuni tunao, na unagusa Kisangani, jimbo la Tshopo. Serikali ilitaka kujenga jela mpya kule. Soko lilitolewa kwa gré à gré, na karibu dola milioni 19 zikahamishwa kwenye akaunti ya kampuni kabla ujenzi haujaanza. Franga hizo zilitoka kwenye mfuko wa FRIVAO, ule wa kulipa wahanga wa vita vya Uganda kwenye udongo wetu. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasio ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, miaka 3 ya kazi za kulazimishwa. Yeye alikana mashitaka.

Tusome vizuri kesi hiyo. Ukuta haukuanguka, kwa sababu hakukuwa na ukuta. Tatizo lilionekana kwenye karatasi na kwenye benki, na franga zikazuiliwa mapema. Ingengojwa mpaka watu waone kiwanja kitupu, leo tungekuwa tunalia tu.

Mashimo mengine matatu

La kwanza ni kukata soko vipande-vipande. Kazi kubwa inaomba mashindano ya wazi na uchunguzi wa juu. Basi barabara moja inakatwa mara nne, kila kipande kinakaa chini ya kiwango, na vyote vinne vinaangukia mikononi mwa watu walewale. Sheria inakataza jambo hilo.

La pili ni kuuza kazi. Aliyeshinda anamwachia mwingine, na huyo anamwachia wa tatu. Sheria ya mwaka 2017 juu ya «sous-traitance» inakataza kuachia wengine zaidi ya asilimia 40 ya soko. Fanya hesabu ya mfano: soko la dola 100 000, wa kwanza anakula 20 000, wa pili 20 000. Anayebeba mchanga anabaki na 60 000 kwa kazi iliyopimwa 100 000. Atapunguza nini? Simenti. Ndiyo maana kanivo inapasuka, na fundi anatukanwa kwa kosa lililofanyika juu yake.

La tatu halisemwi sana: kuchelewa kulipa. Katiba inawapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayopatikana kwao, lakini kila gavana aliyepita amelia kwamba kinachofika ni kidogo na kinachelewa. Antreprise ndogo ya hapa inaogopa kufanya kazi na kungoja malipo mwaka mzima. Wanaobaki ni wale wenye mfuko mkubwa ao wenye mtu ndani ya ofisi, na wote wawili wanapandisha bei. Kwa hiyo viongozi wanaposema mashindano hayavutii watu, wanasema kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba deni la serikali ndilo linalowakimbiza watu.

Kwa nini mashariki ni vigumu zaidi

Kwanza, juu ya état de siège. Tangu tarehe 6 Mei 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi, na kazi za mabunge ya majimbo zikasimamishwa. Bunge la jimbo ndilo linalopitisha bajeti na kumwita gavana ajibu maswali. Likinyamaza, jicho moja limefumbwa. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025, baada ya Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa M23, sehemu kubwa za Kivu mbili hazina tena hata ofisi za serikali ambazo mkaaji angeweza kuziuliza.

Pili, masoko mengi makubwa yanayotufikia hayatolewi huku. Chukua mpango wa maendeleo wa wilaya 145, PDL-145T, uliopimwa dola zaidi ya bilioni moja na nusu. Sehemu yake ya kwanza iliahidi shule 1 210, vituo vya afya 788 na majengo ya utawala 145. Kazi iligawiwa kwa mashirika matatu: PNUD, BCECO na CFEF. Hayo ndiyo yanayotafuta antreprise na kulipa. Msimamizi wa wilaya anaona tu gari limeleta matofali. Kazi ikisimama, wakaaji wanamfuata yeye, naye hana hata nakala ya mkataba.

Tatu, kuna franga ambazo zinaingia moja kwa moja mikononi mwa ETD. Kanuni ya migodi ya mwaka 2018 inagawa redevance minière hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa ETD yenye mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Mahali kama Watsa, penye mgodi mkubwa wa dhahabu, asilimia 15 si makuta ya kuchezea. Hapo anayetoa soko hayuko Kinshasa. Unamsalimia njiani kila siku.

Mkaaji aombe nini, na lini

Kuomba «kazi nzuri» hakutoshi, sababu kila kiongozi ataitika ndiyo. Shirika la raia, kamati ya wazazi ao viongozi wa kartie waombe karatasi, na waombe mapema.

Mwanzo wa mwaka: mpango wa masoko uko wapi, na barabara yetu imo? Tangazo likitoka: bahasha zitafunguliwa siku gani, saa ngapi? Antreprise ikichaguliwa: ilishindana na nani, kwa bei gani? Kama ni gré à gré: ruhusa iko wapi, na dharura ni ipi? Kazi ikianza: bango la shantie linaonyesha jina la antreprise, bei na muda? Kazi ikiisha: nani anaipokea, na siku gani?

Hilo la mwisho tusilipuuze. Kwa kawaida kazi inapokelewa mara mbili: mara ya muda, na mara ya mwisho baada ya muda wa dhamana. Katikati, sehemu ya malipo inaweza kubaki imeshikwa ili antreprise irudi kutengeneza kilichoharibika. Kanivo ikipasuka katika muda huo, haihitaji bajeti mpya. Inahitaji barua.

Hatusemi kwamba karatasi zitajenga barabara. Kuna mahali ambapo kuuliza kunaleta vitisho, na hatutamwambia mtu ajitoe mhanga. Barua ya watu ishirini ina nguvu kuliko mdomo wa mmoja. Lakini mvua ya mwaka ujao tunajua itakuja mwezi gani. Kama tunataka kujua franga za kanivo zinaenda wapi, tuulize sasa, wakati bado ziko ndani ya bajeti.