Kutapika kwenye Bembea si Ushamba

Wasee, leo tuongee kuhusu matapishi. Usipite, sitachukua muda.

Desemba iliyopita nilimpeleka binamu yangu kwenye mabembea makubwa hapa Nairobi. Alikuwa ametoka ushago, amemaliza kidato cha nne, na hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko mwembe wa shosho. Tulikuwa mbogi ya watu sita. Tukapanda ile meli inayoyumba mbele na nyuma. Iliposimama tu, alikimbia kando ya ua akainama, akatapika mbele ya foleni nzima. Mimi nilikuwa nimeshika simu. Klipu nikaipa kichwa "Ushamba ni mzigo". Sijawahi kuposti kitu kikatazamwa vile.

Siku hiyo hata yeye alicheka. Lakini tangu hapo tukimwita tutoke, mara kichwa kinamuuma, mara ana nguo za kufua. Shangazi ndiye aliniambia ukweli: majirani wote kule nyumbani waliiona.

Niliifuta. Halafu nikaanza kusoma ni nini hasa kilimpata, na ndipo nikajua kitu ambacho bado kinaniuma: mimi ndiye nilimtapisha.

Iko hivi. Ndani ya kila sikio kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanasonga na ubongo unajua unaelekea wapi. Macho nayo yanatuma ripoti yao. Sikio likisema tunaenda na macho yakisema tumetulia, ubongo unachanganyikiwa, na tumbo ndilo linalipa. Ndiyo maana ukisoma simu kwenye matatu barabara ya kona kona unasikia kichefuchefu. Hakuna mahali ubongo unauliza kama umezaliwa Kitui ama Kilimani. Watu wa Pwani husema bahari imemlevya mtu. Yaani kosa ni la bahari. Hata wanaanga, watu waliofunzwa miaka mingi, wengi wao husikia vibaya siku za kwanza wakiwa angani. Nao tuwaite washamba?

Sasa ona nilichomfanyia binamu yangu.

Kwanza, nilimnunulia chipo, soseji na soda, tukamaliza tukaenda moja kwa moja kupanda. Mafuta mengi tumboni halafu unarushwa juu, unatarajia nini? Lakini pia usiende na njaa, tumbo tupu nalo husumbua. Kula kitu chepesi, mkate ama ndizi, saa moja au mbili kabla.

Pili, nilimkalisha mwisho kabisa wa meli "ndio uisikie vizuri". Miisho ndiyo hupanda juu zaidi. Kama ni mara yako ya kwanza, kaa katikati.

Tatu, nilimwambia aangalie kamera. Manze, hilo ndilo kosa kubwa. Simu inasonga na wewe, kwa hivyo macho yanadanganywa kuwa umetulia. Tazama mbali, kitu kisichosonga, kama jengo ama miti, na uegemeze kichwa kitini kitulie. Kwenye vile vikombe vinavyozunguka hutapata cha kutazama kikatulia, kwa hivyo kama unalewa haraka, viache tu. Hakuna mtu atakudai.

Nne, hatukupumzika. Hiyo meli ilikuwa bembea yetu ya tatu mfululizo, na kichefuchefu hujikusanya. Mwili hutoa notisi mapema: miayo, jasho baridi, mate kujaa mdomoni. Ukiona hizo, kaa kivulini, kunywa maji kidogo kidogo, na usirudi mpaka ziishe. Binamu yangu aliniambia kabla hatujapanda, "Sisikii poa." Nikamjibu, "Wacha uoga." Hiyo sehemu haikuwa kwenye klipu.

Kuna wanaosaidika na tangawizi. Kwenye duka la dawa pia kuna tembe za kuzuia kutapika safarini, lakini humezwa kabla, si wakati tayari unatapika, na nyingi huleta usingizi. Muulize mfamasia, umwambie kama kuna dawa nyingine unatumia.

Najua kuna mtu ataandika hapo chini, "Ni jokes tu, tuwache serious." Sikatai, nami nachekesha watu ndio nile. Lakini tuwe wakweli: mtu akivunjika mguu kwenye mpira hatumwiti mshamba, ila tumbo likimkataa mbele ya watu tunampa jina linalomfuata hadi kijijini. Halafu yeye ndiye anaacha kutoka, na sisi tunasema ni mtu wa kujitenga. Mtu akisema hasikii poa, mshikie begi, mngoje chini naye. Bembea haitoroki.

Nimemwomba msamaha. Amesema Krismasi hii atakuja, lakini kiti atachagua mwenyewe na simu yangu itakaa kwa begi lake. Nimekubali.

Na wewe, kwenye mbogi yenu, ni nani huwa mnasema "hapendi kutoka"? Mmewahi kumuuliza ni kwa nini?